Pesa za Mama Yenu Zisizo na Jina

Fungueni dirisha, wanangu, na mlango nao uacheni wazi. Najua mmeufunga ili nisisumbuliwe na sauti za watu waliokaa barazani, lakini leo nawahitaji watu hao, kwa kuwa nitakayoyasema hayatakuwa na nguvu yakisikiwa na masikio ya nyumba moja tu. Sogeeni. Wewe muuguzi wangu, kifungua mimba, kaa hapa kichwani uniwekee mto sawa, na uache kunipima mapigo ya moyo ukijifanya umenishika mkono, nakuona. Wewe fundi bomba, kaa hapo kizingitini, uwaambie walio nje wanyamaze kidogo. Na wewe mziwanda, weka simu chini. Maneno yangu ni marefu na pumzi yangu ni fupi, kwa hiyo nitakachosema nitakisema mara moja.

Nataka tuzungumze habari ya pesa alizoacha mama yenu.

Juzi mlipokuwa jikoni mlidhani nimelala. Ukuta ule ni wa mbao, na mbao hazitunzi siri. Nilimsikia muuguzi akisema, "Mama hana hata jiwe la kaburi, na nyinyi mshaanza kugawana." Fundi akajibu, "Jiwe haliliki, dada. Mimi nikipata mashine ya kuchimbia mitaro, tutakula wote." "Tutakula wote! Wewe uliyeila baiskeli ya Baba peke yako?" Naye mziwanda, ambaye bado anadaiwa ada chuoni, akasema neno lililonichekesha peke yangu hapa kitandani hadi nikakohoa: "Kumbe Mama hakuacha pesa. Ameacha kesi."

Pesa zipo. Zimo katika akaunti yake, si nyingi wala si chache. Zinatosha kuwagombanisha na hazitoshi kumtajirisha hata mmoja wenu, na hicho ndicho kiasi kibaya kuliko vyote. Tangu tumzike sijazigusa. Msidhani ni kwa ajili ya huzuni. Huzuni ninayo, na sitaizungumza sana; bado nalala upande wangu wa kitanda, basi. Sikuzigusa kwa kuwa hazikuwa na jina, na nilitaka kujua kabla sijafa ni jina gani mama yenu alikusudia kuzipa. Mtu aliyefundisha kijiji kizima kuzipa pesa majina amewezaje kufa na kuacha zake bila jina? Swali hilo ndilo limenishikilia duniani miezi hii, zaidi ya dawa zako, muuguzi.

Nyinyi mlilelewa karibu na shule, mnaijua sheria yetu kwa kuisikia tu, kwa hiyo niwaeleze ilivyokuwa. Sisi watu wa msitu, tuliokuwa hapa kabla ya barabara na kabla ya kampuni, tuna sheria kwamba kilichoonekana hakinyimwi. Mtu akipita na asali nawe ukaiona, unayo haki ya kusema "nionjeshe", naye hana haki ya kukataa. Sheria hiyo iliwalinda babu zetu, maana mzinga wako ukiwa mtupu leo, wa jirani umejaa. Kisha kampuni ya maji ikapewa chemchemi zetu, ikaamriwa itulipe kodi ya msitu kila mwaka, na pesa zikaanza kuingia kwenye simu. Na simu zetu zote tulizipeleka kwa yule mama wa chaji pale njia panda, zikapangwa juu ya meza moja kama samaki, na ujumbe ulipoingia yeye aliusoma kwa sauti, kwa wema kabisa, kwa kuwa wengi wetu hatukujua kusoma. "Haya, Mjomba Tairi, umeingiziwa!" Basi, zimeonekana. Jioni ikifika, Mjomba Tairi hana hata ya chumvi. Watu wa mjini wakasema, hawa hawajui pesa, wapewe unga badala yake.

Benki ikanituma mimi. Nilikuwa afisa mikopo, nina shahada ya uchumi, tena mtoto wa hapahapa. Walidhani dawa imepatikana. Nikaja na jenereta na picha za kuonyesha ukutani, na ya kwanza iliandikwa, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nikawafundisha kwamba akiba ni siri, kwamba namba yako usimtajie hata mkeo. Mjomba Tairi, ambaye mnajua alipewa jina hilo kwa ajili ya makubazi yake ya mpira wa gari, akasimama akaniuliza, "Mpwa wangu, anayeficha mali ni mtu gani?" Nikasema, ni mtu mwenye busara. Akasema, "Kwetu ni mwizi au mchawi. Sasa benki imekufundisha kazi ipi kati ya hizo mbili?" Watu walicheka hadi jenereta haikusikika. Hakuna aliyefungua akaunti siku ile.

Mama yenu hakuwa wa hapa. Alikuja kufundisha hisabati, na watu wengine hula ili waishi, yeye aliuliza ili aishi. Tulikuwa wachumba bado, tunatoka mtoni, akapita mtu amebeba kibuyu cha asali, shingoni mwa kibuyu amefunga ukanda wa gome. Watoto wakamwamkia, wakampisha. Akaniuliza, "Mbona huyu hawamwombi?" Nikamjibu, "Ile ina jina." "Jina gani?" "Ni ya binti yake aliyejifungua. Ameshatangaza." "Ametangaza kwa nani?" "Kwa watu." Akasimama katikati ya njia, ndoo kichwani, maji yanamchuruzika usoni wala hayafuti. "Kwa hiyo kitu kikitajwa mbele ya watu kabla hakijafika, hakiombwi?" "Ndiyo, haki ya kuomba inakwisha." "Na nyie mnawafundisha kuficha! Hawa watu tayari wanajua kuweka akiba. Wanaiweka hadharani." Ukanda ule nilikuwa nauona tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu, ndiyo maana sikuwahi kuuona. Nilimpenda kabla ya siku ile, lakini siku ile niliacha kubahatisha.

Chumba cha mbele cha nyumba hii kilianza hivyo. Akapigilia ubao ukutani, akaupiga misumari, na kila mwaka kabla kodi ya msitu haijaingia, watu walikuja mmoja mmoja wakasimama mbele ya wenzao. "Zangu mwaka huu ni za bati." "Zangu ni za ada ya mjukuu." Ukanda ukafungwa msumarini, watu wakajibu, "Tumesikia." Hata mama wa chaji akabadili usomaji: "Mjomba, zile za bati zimeingia!" Na aliyekuwa ameshaandaa mdomo wa kuomba akaufunga. Baada ya hapo ndipo Mwalimu akawafundisha mengine, asilimia, riba, kusoma mkataba wa kampuni hadi maandishi madogo ya chini, na yote akayasema kwa lugha yetu, akiikosea na kuchekwa. Mkopo wa njia panda aliueleza kuwa ni mbuzi unayemwazima mzima na kumrudisha mzima pamoja na mguu wa mwenzake, na mwaka ule mkopeshaji alihama. Mabati mnayoyaona yaking'aa kule bondeni, wanangu, yaliezekwa na mdomo wa mama yenu.

Lakini hakuna refu lisilo na ncha, na hapa ndipo ninapomwingiza shangazi yenu, dada yangu, ambaye mmezoea kumwona akipita mbali na nyumba hii kama mtu anayekwepa mbwa. Mumewe, shemeji yangu mchonga mizinga, aliangukiwa na tawi akitundika mzinga. Ilitakiwa kukodi gari mara moja. Dada akaja mbio kwenye chumba cha mbele, akautazama ubao. Misumari yote imejaa. Hii ya bati, hii ya mbegu, hii ya ada. Kila pesa ina jina, na jina lililotajwa mbele ya watu haliwezi kufutwa na mtu mmoja. Lazima waliosikia wakusanyike tena. Walikusanyika, wala hakuna aliyekataa, ila kukusanya watu si kukusanya kuku. Gari lilifika limechelewa, na shemeji alirudi na mguu mmoja. Dada alisimama pale kizingitini ulipokaa wewe, fundi, akasema, "Pesa zenu zina majina yote isipokuwa la mume wangu. Wifi, umetufundisha kufunga. Kufungua atatufundisha nani?" Akaondoka. Mimi nikakasirika kwa niaba ya mke wangu, nikaacha kumsalimu dada yangu. Damu ni nzito kuliko maji, ndiyo, lakini kwa uzito wake huo huganda.

Sasa rudini kwenye swali langu. Mama yenu alipofariki, benki ikaniambia kiasi kilichomo, nami nikaanza kuuliza kama alivyonizoeza. Nilikwenda kwa fundi cherehani nikidhani alikuwa akiweka za kununua mashine. Akanicheka: "Mwalimu na cherehani wapi na wapi? Hata kifungo kikimtoka alikuja kwangu." Hapo nilikumbuka kwamba bado ananidai pesa za suruali yangu nyeusi, mlipeni. Nikaenda shuleni, nikidhani ni za vitabu. Hawajui. Nikaenda kwa mama wa chaji, naye akafikiri, akasema, "Pesa za Mwalimu hazikuwahi kusomwa hapa, mzee. Ila kila baada ya soko la kuku kuna hela kidogo zilikuwa zinakwenda kwake. Kutoka kwa dada yako."

Nilirudi nyumbani nikakaa na jambo hilo. Dada yangu, ambaye hakukanyaga hapa tangu ajali ile, amtumie mke wangu pesa? Kwa deni gani? Nikachukua fimbo nikapanda kilima chake, na mnajua kilinigharimu nini kupanda kile kilima. Nikamkuta anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Umefuata pesa au umenifuata mimi?" Nikasema, nimekuja kuuliza. Akasema, "Hata mkeo alianza hivyohivyo. Alikuja juma lile lile la ajali, nikamfukuza. Akaja tena. Nikamwambia, Mwalimu, huna haya? Akanijibu, wifi, haya ninayo, jibu ndilo sina."

Wanangu, mama yenu alikuwa akipanda kilima kile miaka yote hiyo na kuniambia anakwenda kununua mayai. Na mayai alirudi nayo kweli. Siwezi kusema alinidanganya. Walikaa wawili wale, aliyelaumu na aliyelaumiwa, wakilichambua swali moja: utaipaje jina pesa ya jambo usilolijua? Maana ubao ule ulikuwa na nafasi ya kila kitu mtu anachoweza kukitaja, na ajali haitajiki kabla haijatokea. Wakaanza kuweka kidogokidogo, mama yenu kutoka kwenye mshahara wake, dada kutoka kwa kuku wake, nusu kwa nusu, na kila mara wakijaribu jina. Dada alinisimulia huku mchele umemwagika magotini kwa kicheko. "Kwanza tuliziita za ugonjwa, tukawaambia majirani wawili tu, kwa majaribio. Kesho yake mmoja kichwa kinamuuma, wa pili mgongo. Tukaziita za mvua kubwa. Mvua ikanyesha, wakaja! Tukaziita za msiba, mzee mmoja akatuuliza, mnamwandalia nani? Tukaona bora tunyamaze hadi tupate jina. Yaani mimi na Mwalimu tukawa wezi wawili, tunaficha kama benki yenu." Kisha akaacha kucheka. "Tulikuwa hatujalipata alipoondoka."

Nikamuuliza mbona hakusema siku za msiba. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ningesemaje? Wifi yangu amelala ndani, nisimame nidai nusu? Mngesema shangazi anadai maiti."

Mnasikia? Pesa mlizokuwa mkigombania jikoni, nusu yake ni kuku wa shangazi yenu. Fundi, inua uso. Hukujua, wala mimi sikujua. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, tulifundishwa hivyo, lakini nyinyi mlikuwa mnalima shamba la mtu. Angenyamaza mwezi mmoja zaidi nami nikafa, mngegawana mkaamini mmekula urithi halali.

Nipe maji, muuguzi wangu. Kidogo tu. Inatosha.

Sasa nataja, na walio nje watege masikio. Nyumba hii ni yenu watatu, wala isiuzwe mmoja wenu akiwa hai. Mizinga yangu ya upande wa juu namrudishia aliyeichonga. Pesa zangu za uzeeni zilizobaki ni za ada ya mziwanda, hadi amalize. Zimepewa jina, haziombwi, na wewe fundi usimtazame hivyo. Mashine ya mitaro ukaikodishe kwanza mwaka mmoja, upige hesabu, ndipo ununue. Mama yako angekuambia hivyo, kisha angekuuliza itakunywa mafuta kiasi gani kwa siku, nawe usingekuwa na jibu. Jiwe la kaburi msinunue leo. Ngojeni kidogo mnunue moja la watu wawili, ni nafuu. Msilie, nimesema mzaha, ingawa bei niliiuliza kweli. Wanaonidai ni fundi cherehani na yule wa dawa. Ninaowadai nimewasamehe wote, isipokuwa Mjomba Tairi, ambaye amekwisha kufa na atanilipa huko.

Chumba cha mbele hakikodishwi. Kitinda mimba wangu, utafundisha wewe Jumamosi ukiwa likizo, na ukiwa chuoni dada yako atafungua mlango.

Na pesa zile. Si za jiwe, si za mashine, wala si za ada. Zikae pamoja kama walivyoziweka wenyewe. Zishikwe na shangazi yenu pamoja na fundi. Mnashangaa? Fundi ndiye aliyezitaka kuliko wote, kwa hiyo ndiye atakayetazamwa na macho mengi, na mlinzi anayetazamwa halali. Muuguzi ataamua ni shida ipi inaweza kungoja hadi kesho na ipi haingoji, kwa kuwa ndiyo kazi aliyosomea. Akisema haingoji, zitoke saa ile ile, pasipo kukusanya mtu.

Dada. Najua uko nje, nimesikia kikohozi chako. Ingia. Vuka tu hicho kizingiti, hakina meno. Fundi, mpishe shangazi yako... Kaa hapa. Ndiyo. Umezeeka, na mimi pia.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo sina. Jina. Bila jina, ubao hauwezi kuzishika, na nikishazikwa wataanza kuja na vichwa vinavyouma. Nimetafuta tangu nishuke kile kilima. Nimesoma vyuo viwili, sijalipata. Nyie mlio nje, mmesikia habari yote, nisaidieni.

Nani huyo anaongea dirishani? Shemeji? Msogezeeni kiti, asisimame na gongo. Sema tena, sikio hili limekwisha.

Za mgeni, unasema?

Ngoja. Usinieleze, niache nifikirie mwenyewe. Hii ilikuwa raha yangu na marehemu, msininyang'anye. Mgeni hajulikani ni nani. Wala atafika lini. Fungu lake hutengwa kabla hajabisha hodi, na tangu nizaliwe sijamsikia mtu akiomba fungu la mgeni. Hata Mjomba Tairi, na tumbo lake lile, hakuthubutu. Na ajali nayo... hubisha hodi. Haya. Yuko nani hapa anayeweza kuziomba pesa za mgeni? Semeni sasa, ningali nasikia. Jirani? Mama wa chaji?

Mnausikia ukimya huo? Miaka yote ile, dada, mlikuwa mkiutafuta ukimya huo.

Basi nazitaja. Ni za mgeni. Jibuni. Nyote. Walio nje pia.

Ahsanteni. Nimewasikia mmesikia.

Inueni mikono yenu niiguse, mmoja mmoja, siwezi kuinua wangu. Mungu awape riziki yenye jina na moyo wa kutenga fungu la asiyejulikana. Msinyimane salamu. Mkikosana, mmoja apande kilima, hata kwa kisingizio cha mayai. Nimewaridhia, wanangu. Radhi yangu na ya mama yenu... ziwatangulie.

Mto... chini kidogo. Hivyo.

Mnajua Mwalimu angeuliza nini? Asingefurahi hata kidogo, angeuliza papo hapo. Wageni wawili wakibisha hodi siku moja... fungu ni moja... nani apokelewe kwanza? Hilo sijui. Sijui kabisa. Msinijibu mimi... Jumamosi. Ulizaneni Jumamosi.